Daftari la jikoni: shajara ya mradi, Mei hadi Agosti 2025

Jumamosi, 3 Mei

Nimeanza rasmi kuandika mapishi ya nyumbani. Faili moja la pete mbili, rimu moja la karatasi, kalamu za risasi tatu. Nina steshenari ndogo pale Kabwe, Mbeya, kwa hiyo nikisema nimenunua vifaa, maana yake nimejikopesha.

Chanzo ni simu ya Jumapili iliyopita. Dada yangu anaishi Dar es Salaam, alitaka kujua mama anavyopika mbalaga, yaani ndizi za Tukuyu na nyama. Simu tukaiweka spika, mama akaanza: "Unamenya ndizi, unabandika, unatia chumvi." Kiasi gani? "Ya kutosha." Maji je? "Yasizidi." Mpaka lini? "Mpaka ziive, mwanangu, kwani we umekulia wapi?" Dada akaaga kwa heshima, akakata, akaagiza chipsi.

Nilicheka, kisha nikajiuliza mimi mwenyewe ningejibu nini. Nimekula mbalaga tangu sijaota meno na sijui inapikwaje.

Lengo ni mapishi 20, basi. Kanuni niliyojiwekea ni moja: karatasi haiingii kwenye faili mpaka mtu mwingine, asiye mwenye pishi, aipike kwa kufuata maandishi tu, na watu wale wamalize.

Jumapili, 4 Mei

Mama anatunza karatasi zake kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Nimezimwaga mezani: vipande 31. Tisa ni keki, za darasa la upishi la kanisani enzi za ujana wake, na nyumbani hatujawahi kuwa na oveni. Vitano ni marudio ya keki zilezile. Kimoja ni orodha ya waliochangia msiba. Kimoja ni deni la mkaa ambalo mama anaapa lilishalipwa. Kuna biriani mbili, achari ya maembe, na sharubati ya kitu ambacho karatasi imeliwa mahali penye jina lake.

Kande haimo. Mboga ya maboga ya karanga haimo. Mbalaga haimo, togwa haimo, usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, haumo. Kumbe kilichoandikwa ni chakula cha wageni, na kile tunachokula kila siku hakuna aliyeona sababu ya kukiandika. Keki nimezirudisha kwenye kopo. Kopo nimelirudisha juu ya kabati.

Jumamosi, 10 Mei

Nimepoteza wiki nzima kwa kupanga vibaya. Nilikata vigawanyo vya rangi: wali na ugali, mboga, nyama na samaki, vitafunwa, vinywaji. Vilipendeza. Mama akavaa miwani, akapitia, akauliza, "Kande utaiweka wapi, kwenye mahindi au kwenye maharage?" Nikasema nitaiweka kwenye wali na ugali. Akaniangalia tu.

Baadaye, akichambua maharage, akasema yeye hajawahi kuamka akawaza leo nipike kitu cha kundi la mboga. Anawaza shambani kuna nini, nani anakuja, na mkaa umebaki kiasi gani. Nikaona hapo hapo kwamba nimepanga faili la duka, si la jiko.

Vigawanyo vipya kwa maneno yake mwenyewe: Mahindi mabichi. Baada ya mavuno. Mgeni wa ghafla. Mgeni aliyetoa taarifa. Mzazi na mgonjwa. Msibani, ambapo vipimo ni vya sufuria kubwa na watu mia. Mwisho wa mwezi. Hicho cha mwisho ndicho kinene kuliko vyote, na nadhani ndicho tutakachokifungua zaidi.

Jumamosi, 17 Mei

Tukuyu kwa bibi, mama yake mama. Kutoka kwetu Uyole ni kama kilomita 60 na kitu, lakini Hiace ilisimama Kiwira kupakia ndizi na tukakaa pale mpaka nikazijua ndizi zote kwa sura. Mvua ilitupokea. Tukuyu mvua ndiyo mwenyeji, wewe ni mgeni.

Nilikuwa nimeazima mzani mdogo wa kidijitali kwa jirani yangu anayeuza viungo. Bibi aliusalimia kwanza kabla yangu: "Ugonile," akauambia mzani, akacheka mpaka akashika mlango. Halafu tukaanza.

Vipimo vya bibi ni viwili. Kuna kikombe chekundu cha bati kilichobanduka rangi mdomoni, na kuna kiganja chake. Kikombe nilikijaza maji nikakipima: mililita 310. Bilauri ya kwangu nyumbani ni 250, na hapo hapo nikaelewa kwa nini wali wa mama, aliyelelewa na kikombe hiki, huwa unamponza mke wangu akifuata maneno ya mama kwa kikombe chetu.

Kiganja kilikuwa kazi zaidi. Alipomimina chumvi mkononi kwa ajili ya ndizi, nikamwomba aimwage kwanza kwenye mzani. Gramu 11. Nikamwomba arudie. 12. Tena. 11. "Unapima chumvi kama dhahabu ya Chunya," akasema, lakini aliendelea kunipa: 11, kisha 13, na hiyo 13 mwenyewe aliiona kabla sijaisoma, akapunguza kwa kidole gumba. Miaka yote tumekuwa tukisema bibi anakadiria.

Nayaandika mapishi kama nilivyoyaona. Ndizi kilo 3 na nusu baada ya kumenywa. Mikono na kisu vipakwe mafuta kwanza, maana utomvu ukishika vidole utatembea nao wiki nzima. Kila ndizi ikimenywa inadumbukia kwenye maji isiwe nyeusi. Nyama ya ng'ombe kilo 1, yenye mafuta na mfupa, ichemshwe peke yake mpaka ikaribie kulainika. Hiyo ndiyo inayokaa chini ya sufuria. Juu yake vitunguu 3 na nyanya 5, juu ya hapo ndizi zimepangwa zimelala, si kurushwa. Viganja viwili vya chumvi. Supu ya nyama inarudishwa na maji yanaongezwa mpaka yafike nusu ya ndizi, na hapo tulitumia kama lita moja na nusu. Jani la mgomba lililopashwa motoni linafunika kama shuka, kisha mfuniko.

Hakuna mwiko. Nilipoushika akanipokonya. Ukitaka kuchanganya, unashika sufuria kwa vitambaa viwili, unalitikisa mara moja, mara mbili, kama unamwamsha mtu unayemwogopa.

Kisha akaketi kwenye kigoda. Mara kwa mara anainama, sikio karibu na mfuniko, anarudi kuketi. Niliangalia saa: dakika 55 tangu jani kufunikwa. Nikaandika "dakika 55" na kupigia mstari.

Tumekula, na nimebebeshwa mkungu. Ndaga fijo, asante sana, bibi.

Jumamosi, 24 Mei

Nimechapa kurasa 6 za kwanza na kuzilamineti. Jikoni kuna mvuke, mafuta na mikono yenye unga, nikaona plastiki ndiyo dawa. Zinang'aa kama vyeti.

Jumapili, 1 Juni

Plastiki si dawa. Mke wangu amepika mboga ya maboga kwa karatasi yangu, akagundua nimesahau kuandika kwamba majani lazima yamenywe zile nyuzi kabla ya kukatwa. Akatafuta kalamu. Karatasi iliyolaminetiwa haiandikiki. Akaandika kwenye mkono wake, akaosha vyombo, ikafutika.

Kuanzia leo natumia mifuko ya plastiki inayoingia kwenye pete: karatasi inatoka, inaandikwa kwa risasi, inarudi. Zile 6 watoto wamezichukua kuwa sahani za kuchezea. Hasara yangu mwenyewe, siitii kwenye vitabu vya duka.

Jumamosi, 7 Juni

Pigo. Dada amejaribu kande. Hii nilikuwa na uhakika nayo kuliko zote kwa sababu nimeipika mara nne hapa Uyole: vikombe 3 vya mahindi yaliyokobolewa, vikombe 2 vya maharage, vyote vimelowekwa usiku kucha, moto wa wastani, saa 2 na nusu. Mara zote nne ilitoka vizuri, punje imelainika na ngozi ya harage haijapasuka.

Dada akabandika Dar, akaangalia saa, akaenda kufua. Aliporudi mahindi yalikuwa sawa lakini maharage yameyeyuka, na chini kumeungua. Alinitumia picha bila neno lolote. Nilipompigia akasema tu, "Kaka, hii ni kande au uji wa shule?"

Nikamuuliza kama aligeuza moto, kama ni gesi, kama alizidisha kuloweka. Kila kitu alifuata. Nimekaa na hiyo picha jioni nzima.

Jumamosi, 14 Juni

Nimepata jibu, na limetoka kwa mpangaji wetu wa chumba cha uani, mwalimu wa fizikia. Nilimwonyesha picha akiwa anaanika soksi. Hata hakumaliza kuitazama. "Uyole na Dar maji hayachemki kwa joto moja," akasema.

Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Uyole tumepanda kidogo zaidi. Huku juu hewa inakandamiza maji kidogo kuliko pwani, kwa hiyo yanaanza kutokota mapema, kabla hayajapata moto wote. Kwa kukadiria, kila ukipanda mita 300 unapoteza kama nyuzi 1. Dar maji yanachemka kwa nyuzi 100, kwetu kwa 94 hivi. Na ukishafikia hapo, kuongeza mkaa hakuongezi joto la maji. Yanaruka tu, yanapungua na kukumalizia mkaa. Harage linaloiva kwa nyuzi 94 linataka muda mrefu kuliko la nyuzi 100. Saa 2 na nusu za Uyole zilikuwa nyingi mno kwa Dar.

Sikumwamini, au niseme nilitaka kuona. Jioni akaja na kipimajoto kirefu cha glasi. Tukabandika birika bila mfuniko, watoto wakazunguka, mama akavuta kiti. Mstari mwekundu ukapanda haraka mpaka 80, ukapunguza mwendo, 90, 92. Maji yakaanza kutokota kwa kishindo. Mstari ukasimama chini kidogo ya 94. Tukaongeza moto, mapovu yakamwagika nje ya birika, mstari haukusogea. Mama akauliza kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa: "Ina maana miaka yote hii nachemsha maji ambayo hayajachemka?" Yamechemka, mama, ila kwa namna ya huku.

Hii imenifungulia mambo mengine. Mama mdogo aliyeolewa Kyela siku zote hulalamika kwamba sisi tunakaa na sufuria la maharage "kama tunaliuguza." Kyela iko chini kando ya Ziwa Nyasa, mita 500 hivi, maji yake yanachemka karibu nyuzi 98. Si mjuzi kuliko mama, yuko chini kuliko mama. Mama ameipenda sana sentensi hii na nina hofu ataitumia.

Uamuzi: kila ukurasa sasa una mstari wa kwanza unaosema "Imepikwa Uyole" au "Imepikwa Tukuyu" au popote. Na muda siuandiki tena peke yake. Naandika dalili: harage likibonyezwa kwa ulimi na kaakaa lisagike bila punje katikati. Kurasa zote 9 za mwanzo zinarudi mezani.

Kuna sufuria la presha, ndiyo, mwalimu amelipendekeza. Mvuke ukibanwa ndani joto linapanda hata huku juu. Mama hataki kitu kinachopiga mluzi jikoni kwake.

Jumamosi, 28 Juni

Mama mkwe amekuja kutoka Kilolo, kaleta viazi, maharage na mfuko wa kimea cha ulezi alichokiotesha mwenyewe. "Kamwene," nikaitikia "Kamwene," tukaulizana habari za Iringa na baridi, nikakaa sebuleni kama inavyompasa mkwe.

Ndipo tatizo lilipojitokeza. Togwa yake ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kunywa na ipo kwenye orodha. Lakini hatapika mimi nikiwa nimesimama mlangoni na daftari, na mimi sitaingia. Mke wangu alikuwa kazini. Akabaki binti yangu wa miaka tisa, ambaye alikwenda na kurudi kati ya jiko na sebule kama mhudumu wa benki.

"Bibi anasema unga wa mahindi vikombe viwili, maji lita nne." Naandika. "Bibi anasema uji uive kabisa, halafu uepuliwe upoe, usipoe sana." Kwa kiasi gani? Akakimbia. "Anasema utie kidole uhesabu mpaka kumi, ukishindwa bado moto." Safi sana, hiyo ni dalili. "Halafu kimea vijiko vitatu." Naandika. "Ukoroge, ufunike, kesho unakunywa."

Kimea chenyewe nimekiandikia ukurasa wake: ulezi unalowekwa siku nzima, unachujwa, unafungwa kwenye gunia bichi siku mbili tatu mpaka uote vimkia vyeupe, unaanikwa ukauke, unasagwa. Kwa baridi ya mwezi huu mama mkwe alingoja siku nne.

Jumamosi, 5 Julai

Mke wangu amepika togwa kwa karatasi. Asubuhi yake tukaamka na uji baridi. Mzito, bila uchachu wala utamu. Niliilaumu baridi, na baridi ina kesi yake: usiku wa Julai Uyole maji ya ndoo yanauma meno, na vijidudu vinavyochachusha togwa vinafanya kazi polepole kwenye ubaridi. Tukapika tena, tukalifunga sufuria kwa blanketi karibu na jiko la mkaa. Bado mzito.

Mke wangu akampigia mama yake. Nikasikia kicheko kinatoka kwenye simu mpaka sebuleni. Si vijiko vitatu, ni viganja vitatu. Binti yangu akajitetea kwamba alisikia "vi-" na "-tatu", katikati alimalizia mwenyewe.

Mara ya tatu, juzi usiku, nilisimama kuangalia. Uji ulikuwa umesimama, mwiko unakaa wima. Kidole, moja hadi kumi, sawa. Viganja vitatu vya kimea, unga wa rangi ya udongo, ukakorogwa. Kwa dakika moja hakuna kitu. Kisha mwiko ukaanza kuinama. Ukalala ubavuni. Baada ya dakika kama kumi uji ule mzito unachotwa kwa upawa unamiminika kama maziwa, bila tone la maji kuongezwa. Mwalimu wa uani anasema ni vimeng'enya vya kimea vinakata wanga kuwa sukari, na kwamba uji ukiwa wa moto sana vinakufa, ndiyo maana ya kidole. Mama mkwe hajawahi kulitamka neno vimeng'enya na togwa yake haijawahi kuharibika.

Tumeingoja siku mbili, si moja, kwa sababu ya baridi. Imeingia kwenye faili, chini ya Mzazi na mgonjwa, kikombe kimoja nikiwa nakinywa sasa hivi.

Jumamosi, 19 Julai

Kurasa za haraka zimepita bila ugomvi: usipa wa Kyela (uoshwe kwa maji ya uvuguvugu, vichwa vitolewe kama wageni wana watoto), wali wa Kyela (usiuoshe mara nne, utaosha harufu uliyoilipia), viazi vya kuchemsha na mtindi, ugali wa ulezi.

Ugomvi umetokea kwenye mboga ya maboga. Mama anaweka karanga zilizotwangwa na kukaangwa. Shangazi, dada yake baba, anasema karanga zikikaangwa mboga inageuka rangi na inakuwa "ya hotelini". Yeye anatwanga mbichi na kuchemsha na majani. Walibishana kupitia mimi, ingawa walikuwa wamekaa kochi moja. Nimeandika kurasa mbili. Ya mama, Ya shangazi. Kila mmoja ameuliza wa nani unatangulia. Nimezipanga mgongo kwa mgongo, ukifungua huku ni ya mama, ukigeuza ni ya shangazi.

Shangazi nilikuwa na shida naye nyingine. Anauza maandazi Mwanjelwa tangu mimi sijaanza shule, na hakuna andazi Mbeya hii linalokaa laini mpaka kesho yake kama lake. Nikamwomba. Akanitazama vizuri. "Mwanangu, hiyo ndiyo ada ya shule ya wajukuu. Ikishaandikwa, dukani kwako kuna mashine ya kopi." Sikuweza kubisha, ipo.

Nimeweka karatasi yenye kichwa "Maandazi ya Shangazi" na chini yake tupu. Imekaa kwenye Mgeni aliyetoa taarifa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane, viwanja vya John Mwakangale, ambavyo kwetu ni kutembea kwa miguu. Watoto walitaka kuona ng'ombe, mimi nilitaka kuuliza swali moja. Maharage ya mama huchukua karibu saa nzima zaidi ya yale aliyoleta mama mkwe, jiko lilelile, sufuria lilelile, kwa hiyo safari hii mlima hauna kosa.

Kwenye banda moja la mbegu niliulizwa tunayatunza wapi. Darini, juu ya jiko, ili moshi ufukuze wadudu. Basi ni hapo, nikaambiwa: harage likikaa muda mrefu kwenye joto na mvuke linakuwa gumu, na ugumu huo hauondoki kwa kuchemsha tu. Litunzwe mahali pa baridi na pakavu, na likishafanya ugumu lilowekwe na magadi kidogo. Kidogo kweli, yakizidi utakula sabuni.

Mama amesikiliza, amekubali, na maharage bado yako darini. Nimeongeza mstari kwenye ukurasa wa kande: "Maharage ya zamani: ncha ya kijiko cha chai ya magadi kwenye maji ya kulowekea, kisha yamwage maji hayo."

Jumapili, 17 Agosti

Mbalaga imepikwa Dar. Dada alinunua ndizi soko la Mabibo, akahakikishiwa ni za Tukuyu. Akapiga simu ya video, sisi huku Uyole tumejazana mbele ya kioo, na bibi yupo kwetu kwa ajili ya macho yake, ana miadi kesho. Akapanga kama karatasi inavyosema. Jani la mgomba hakupata, akatumia kitambaa kibichi.

Nilishaifuta ile "dakika 55". Lakini mahali pake nilikuwa nimeandika dalili dhaifu: "ndizi ziive." Yaani baada ya miezi mitatu nimeandika jibu lilelile la mama.

Dakika ya 40 dada akauliza, "Sasa?" Nikawa sina la kusema. Bibi, ambaye muda wote alikuwa haangalii simu kwa kuwa haoni vizuri, akasema kwa Kinyakyusa, mama akatafsiri: "Mwambie aiweke simu kwenye mfuniko."

Dada akaisogeza. Tukanyamaza wote. Simu ilikuwa inatoa sauti ya kububujika, nzito, kama mtu anayegugumia maji. Bibi akatikisa kichwa. "Bado. Maji bado yanaongea." Tukangoja. Dakika saba baadaye akaomba tena. Safari hii mbubujiko ulikuwa umekwisha, kumebaki mlio mwembamba, tss, unakatika, tss, mafuta ya nyama yakikutana na chini ya sufuria. "Epua," akasema bibi. Kisha akauliza kama kuna chai.

Ndiyo maana alikuwa anainama. Nilimwona akiinama pale Tukuyu zaidi ya mara sita, nikaangalia saa.

Nimeandika: "Sikiliza. Maji yakiongea, bado. Yakinyamaza na mafuta yakaanza kunong'ona, epua." Nimemwomba dada arudie kesho arekodi sauti zote mbili, moja ya bado na moja ya tayari, sekunde kumi kumi. Zitakaa kwenye kundi la WhatsApp la familia na kwenye flashi dukani.

Dada na mumewe wamemaliza sufuria. Kwa kanuni, ukurasa umeingia.

Jumamosi, 23 Agosti

Hali ya faili: kurasa 16 zimepita. Mbili zinasubiri mtu wa kuzipika: wali wa msibani, kwa kuwa hakuna anayetaka uharakishwe, na supu ya mzazi, ambayo mke wa mdogo wangu ametuahidi Oktoba. Moja ni ya mahindi mabichi ya kusaga na kufunga kwenye maganda yake, na hiyo hakuna namna, mpaka Februari. Nimeipiga klipu nyekundu.

Nakala mbili zimekwenda: moja Dar, moja Kilolo. Ya Kilolo mke wangu ameisoma yote kwa simu kwa mama yake, kuanzia jalada, na amesahihishwa mara tatu kuhusu togwa. Kiganja chake nacho sasa kimepimwa.

Jana shangazi alipita kuchukua ndoo yake, akakuta faili limetundikwa kwenye msumari pembeni ya jiko. Akalishusha, akalifungua kwenye mboga ya maboga kwanza, upande wake, akaridhika. Akaendelea kupekua. Akafika kwenye ile karatasi yenye kichwa tu. Akaisoma, akanitazama, akanyoosha mkono kuomba risasi. Mke wangu aliacha kukoroga.

Akaandika neno moja, akafunga faili, akachukua ndoo, akaondoka. Tulipofungua tukakuta: "Iliki."

Hiyo tulikuwa tunaijua.